Hivi taarifa ya fedha "imepokelewa bila pingamizi" wakati haijasomwa, imepokelewa na nani?

Wakuu, vidole bado vinatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie.

Yule jamaa, katibu wa umoja wa wahitimu tulio ughaibuni. Simtaji jina, wala hana haja ya kutajwa. Aliyewahi kuingizwa kwenye grupu lolote la waliosoma pamoja anamjua. Ndiye mwenye kiungo cha mkutano, ndiye mwenye orodha ya wanachama, ndiye mwenye neno la siri la barua pepe ya umoja, ndiye anayeandika tanzia na ndiye anayejiitikia "amina" kabla hujamaliza kuisoma. Siku akidondosha simu kwenye treni umoja umekufa, na hatapatikana hata wa kuutangazia msiba.

Leo jioni kulikuwa na mkutano mkuu wa mwaka. Mkutano MKUU. Kaufanyia kwenye Zoom ya bure, ile ya dakika 40.

Tuko watu 46, mabara manne, kuna wenzetu wa Sydney wameamka saa 11 alfajiri kwa ajili ya hili. Ajenda ya kwanza: utambulisho. Jina, mwaka wa kumaliza, bweni, mji unaoishi. Nusu dakika kila mtu, zidisha mara 46, dakika 23 zimeyeyuka. Risala ya ukaribisho, dakika 9. Muhtasari wa mkutano uliopita, ambao sote tulitumiwa kwa barua pepe, akausoma neno kwa neno mpaka majina ya waliotoa udhuru mwaka jana: dakika 7. Jumlisha. Imebaki dakika moja, na ajenda namba 4 ni FEDHA.

Mweka hazina akakohoa. Akasema, "Ndugu wanachama, salio letu hadi leo ni"

Giza.

Salio letu hadi leo ni. Ni nini? Ni ngapi? Ni deni?

Sikasiriki kwa hilo, Zoom ni Zoom. Ninachotapika nacho ni hiki: baada ya muda si mrefu katupia kwenye grupu "Asanteni kwa mkutano wenye mafanikio, taarifa ya fedha itasomwa kikao kijacho." Sawa, tukavuta pumzi. Dakika ya 11 ujumbe uleule ukaota neno "imehaririwa". Sasa unasomeka: "taarifa ya fedha IMEPOKELEWA BILA PINGAMIZI." Mtu wa kwanza alipoandika tu "samahani mheshimiwa", grupu likafungwa, sasa ni admini pekee wanaotuma ujumbe. Admini ni yeye. Yeye na namba yake ya pili.

Bila pingamizi! Pingamizi tungeliwekea wapi, kwenye skrini nyeusi? Tumepokea nini, kikohozi?

#2 Siti_ya_Mbele
Nimewahi nafasi. Mleta uzi endelea, ila usikate dakika ya 40.

#3 Kiranja_Mstaafu
Mkuu, kabla hatujalia pamoja: ada ya mwaka umelipa? Maana wenye uchungu na salio huwa ni wale ambao salio haliwafahamu.

#4 Kalamu_Nyekundu
Tucheke, lakini hilo jambo ni batili moja kwa moja. Taarifa ya fedha haipokelewi kwa katibu kuandika kwamba imepokelewa. Inatolewa hoja, anapatikana wa kuunga mkono, wanachama wanaulizwa, na majibu yanaingia kwenye muhtasari pamoja na idadi ya waliokuwepo ili akidi ionekane. Na huhitaji maneno mengi, ukurasa mmoja unatosha: salio la kuanzia, mapato kwa mafungu (ada, michango ya maabara, viingilio vya hafla), matumizi kwa mafungu, salio la kufungia. Hilo la mwisho lilingane na taarifa ya benki ya tarehe ileile. Lisipolingana, tofauti ielezwe kwa mstari: hundi ambayo haijaiva, makato ya benki, fedha iliyo njiani.

Ukurasa huo utumwe wiki mbili kabla, kwenye kikao watu waulize maswali tu. Anayeusubirisha asome kwa mdomo dakika ya mwisho hajasahau, anajua anachofanya.

#5 Mleta uzi
Umesema kweli mkuu. Ila mimi bado niko pale pale kwenye "ni". Salio letu hadi leo NI. Halafu imepokelewa. Watu 46 tumepokea kitenzi.

#6 Mtoro_wa_Prep
Mngehamia Google Meet. Ya bure inakwenda dakika 60 hata mkiwa wengi, hadi watu 100. Mngepata salio na dakika 20 za kugombana. Halafu mwenye mkutano wa Zoom huwa anaonyeshwa muda unavyokwisha, kwa hiyo alipokuwa anasoma majina ya waliotoa udhuru alikuwa anaitazama saa.

#7 Mleta uzi
ALIKUWA ANAITAZAMA SAA. Asante. Naomba mods waikoze hiyo.

#8 Makato_ya_Kati
Nyie angalau mna mweka hazina anayekohoa. Kwetu inabandikwa orodha ya wadaiwa sugu kila mwisho wa mwezi, na nusu yao wamelipa. Mtu anatuma ada kamili kutoka nchi nyingine, benki ya katikati inamega chake, inafika pungufu. Yule bwana haangalii kilichotumwa, anaangalia kilichofika, anakupaka nyekundu kwenye Excel.

Dawa ipo, hataki kuitangaza. Unapotuma kwa SWIFT (mtandao wa benki wa kutuma fedha nchi za nje) kuna sehemu ya kuchagua nani abebe makato: OUR ni mtumaji peke yake, SHA mnagawana, BEN anabeba mpokeaji. Umoja useme wazi kwamba ada itumwe kwa OUR, au ukubali rasmi kwamba pungufu la makato si deni. Na sehemu ya maelezo ya malipo watu waandike jina na mwaka wa kumaliza. Ukiandika "ada" tu, wako wengine thelathini wameandika "ada" wiki hiyohiyo.

#9 Kiranja_Mstaafu
Mkuu wa hapo juu kumbe upo kwenye orodha ya nyekundu 😂

#10 Mhuri_wa_Bluu
Salio, makato, hayo madogo. Njooni kwangu. Mkusanyiko wa mwaka umepangwa kwenye nchi ya Schengen (zile za Ulaya zenye viza moja) na tangazo limetoka wiki tano kabla. Wiki TANO. Maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45. Na hapo hujatafuta miadi ya kupeleka makaratasi, ambayo ndiyo inayoua watu.

Waliopo Uingereza ndio waliochekesha, waliambiwa "nyie mko jirani mnavuka tu". Kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Schengen. Kama pasipoti yako inadai viza, inadai viza. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isiyopungua yuro 30,000.

Barua ya mwaliko sasa. Mnaijua barua yenyewe? "Karibuni sana nyote kwenye hafla yetu ya kukumbuka tulikotoka." Tarehe haina, anwani ya ukumbi haina, jina la mwalikwa halipo, namba ya pasipoti haipo, nani analipia malazi haisemi. Ina ubeti wa wimbo wa shule. Afisa wa ubalozi aimbe?

#11 Dada_wa_Bweni_la_Juu
Na tarehe yenyewe ilipatikanaje? Kura ya WhatsApp. Ile kura usipozima kitufe cha kuruhusu majibu zaidi ya moja, kila mtu anabonyeza zote zinazompendeza. Kaweka tarehe 12, ndiyo mwisho wa machaguo, watu wakabonyeza saba saba. Kura zikazidi wanachama mara tatu, halafu akatangaza mshindi kuwa tarehe ambayo yeye yuko likizo.

Weka tarehe tatu tu, jibu moja, siku tano za kupiga, basi.

#12 Mleta uzi
Jamani nawaheshimu, viza zinauma, kura zinauma. Lakini ujumbe UMEHARIRIWA. WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri, kaitumia ya 11. Huyu mtu alikaa dakika 11 akitafakari, akasema hapana, ngoja niwapokelee.

#13 Alamu_ya_Saa_Nane
Mimi nataka kujua hao wa Sydney walijuaje saa. Kwetu mwaliko unasema "saa 2 usiku" na nukta. Saa 2 ya wapi? Waliozaliwa huku wakaweka alamu 2:00, wakakesha wakitazama chumba cha kusubiria ambacho kilifungwa saa sita nyuma.

Andikeni 20:00, na mbele yake UTC ngapi (UTC ndiyo saa ya dunia ya kulinganishia). Afrika Mashariki ni UTC+3 mwaka mzima, haigusi saa yake. Wengine wanacheza: Ulaya na Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kuna wiki kadhaa Machi, na moja pale Oktoba ikiishia, ambapo London na New York zimeachana saa 4 badala ya 5. Vikao vyetu vyote, kwa mkono wa nani sijui, vinaangukia hizo wiki. Sydney wao wanarudisha nyuma Aprili wakati wengine wamesogeza mbele. Usitumie ratiba ya mwaka jana, utampoteza mtu.

#14 Mtoro_wa_Prep
Saa sita nyuma 😂😂 hao ndio walipa ada wenu waaminifu, watunzeni.

#15 Jarida_Toleo_Maalumu
Hakuna aliyegusa jarida? Anwani zote za barua pepe zimewekwa wazi badala ya nakala fiche (Bcc). Mmoja anajibu "hongereni" kwa wote, mwingine anajibu wote kwamba msijibu wote, siku tatu simu inalia. Picha zimebandikwa na ukubwa wa kamera, faili likagonga kikomo cha MB 25 cha Gmail, likarudi bila kuwafikia hata walioitwa mashujaa wa toleo. Na ukurasa wa tanzia kamweka mtu aliye hai. Marehemu akajibu wote akashukuru kwa rambirambi, akauliza michango imefikia wapi.

Tanzia huthibitishwa na ndugu mmoja na aliyesoma naye mmoja, ndipo inatoka. Hayo mawili tu!

#16 Kiranja_Mstaafu
Marehemu ndiye pekee aliyeuliza hesabu na akajibiwa.

#17 Fomu_Imepotea
Tawi letu la Marekani limekwenda mbali kuliko nyote. Umoja ulishasajiliwa kama usiolipa kodi, ukaachiwa mtu mmoja mwenye "uzoefu". Vyama vidogo, mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka, vinajaza Fomu 990-N tu ya mamlaka ya kodi (IRS), ya mtandaoni, fupi kuliko utambulisho wenu wa dakika 23. Kama mwaka wenu wa hesabu ni wa kalenda, mwisho ni 15 Mei. Usipojaza miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe bila kuombwa. Yeye miaka mitatu alikuwa anatuma salamu za sikukuu.

Kuirudisha ni kuomba upya na kulipia upya. Sasa ametangaza mchango wa dharura na hasemi dharura ni ipi.

#18 Mleta uzi
Sawa. Lakini SALIO wakuu. Kuna yeyote hapa alisikia hata tarakimu ya kwanza?

#19 Dada_wa_Bweni_la_Juu
Tisheti je? Zile za mkusanyiko uliopita mlivaa?

#20 Makato_ya_Kati
Usinikumbushe. Nembo ya shule kaitoa kwenye picha ya wasifu wa grupu. Picha imeshaminywa na WhatsApp mara kumi, mtu wa kuchapa kaikuza ijae kifua, mwenge ukatoka kama ufagio.

#21 Kalamu_Nyekundu
Nembo inatakiwa faili la vekta, lisilopasuka likikuzwa. Kama mna picha tu, itumeni kama waraka, msiitume kama picha, haitaminywa. Na mwambieni mchapaji idadi ya rangi mapema: kwa uchapaji wa skrini kila rangi ina fremu yake, nembo ya rangi tano ni kazi tano.

#22 Mhuri_wa_Bluu
Saizi ndiyo ilikuwa msiba. Kaokota "L" za watu wa nchi nne akaziagiza kiwanda kimoja. L ya Marekani na L ya Asia hazijawahi kukutana. Watu wapime tisheti waliyo nayo ikiwa imelazwa, kwapa hadi kwapa, watume sentimita.

#23 Kiranja_Mstaafu
Sentimita za nini, kila mtu aongeze saizi moja juu. Tumemaliza shule zamani wakuu, tuambiane ukweli.

#24 Dada_wa_Bweni_la_Juu
Jisemee. Mimi nilitoa S nikapewa XXL, nikaambiwa "ndizo zilizobaki". Zilibakije wakati tuliagiza kwa majina?

#25 Makato_ya_Kati
Zako alichukua yeye, na bado amekuandika hujalipia.