Mjadala: Manispaa imege kiwanja chako bila kukulipa, ni haki? Tumtazame meya Adickes wa Frankfurt

Mleta mada

Salaam wakuu. Barabara ikifunguliwa mbele ya ardhi yako na bei ikaruka, je, manispaa ina haki ya kumega kipande cha ardhi hiyo bila kukulipa hata senti? Mimi nasema inayo, ila kwa masharti. Nitamleta shahidi ambaye wengi humu hawamjui: Franz Adickes, meya wa Frankfurt am Main, Ujerumani, kuanzia 1891 hadi 1912.

Kwanza futeni picha ya meya wa kwetu mwenye joho na mkufu anayekata utepe. Meya wa Kijerumani wa enzi ile alikuwa meya na mkurugenzi kwa pamoja: mwanasheria wa kulipwa mshahara, kipindi cha miaka 12, anahama mji mdogo kwenda mkubwa kama mwalimu mkuu anayepandishwa shule. Adickes alianzia Dortmund 1873 akiwa meya wa pili, akaenda Altona jirani na Hamburg, akawa meya kamili huko 1883. Frankfurt ilimchukua baada ya mtangulizi wake, Johannes Miquel, kuitwa Berlin kuwa waziri wa fedha wa Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule.

Alikabidhiwa mji wa watu kama 180,000. Kufikia 1910 walipita 400,000, mji ukiwa umeshameza Bockenheim (1895) na vijiji kadhaa vya kando.

Kizungumkuti kilikuwa mashamba ya pembezoni. Kule mzee akifa, watoto wote wanagawana. Vizazi vichache tu na shamba limekuwa mkanda: refu, jembamba, limepinda kufuata mfereji. Nyumba haikai juu yake, na barabara haipiti bila kukatiza mikanda ya watu ishirini. Mmoja akigoma, wote mmekwama. Na mgomaji si lazima awe na uchungu na ardhi ya babu. Wengine walikuwa wanasubiri bei tu.

Dawa ya Adickes: mikanda yote iwekwe chungu kimoja kwenye ramani. Toa barabara, toa maeneo ya wazi. Kinachobaki gawa upya, kila mtu kwa kadiri ya alichoingiza, viwanja vyenye pembe sawa vinavyogusa barabara. Umeingia na eneo kubwa lisilojengeka, umetoka na dogo linalojengeka, na mara nyingi lenye thamani zaidi. Mswada aliupeleka kwenye baraza la juu la bunge la Prussia 1892. Ukazungushwa miaka kumi. Ulipopita 1902, uliruhusiwa kutumika Frankfurt peke yake, na watu wakauita Lex Adickes, yaani sheria ya Adickes. Hakuishia hapo: 1904 mji ukaanza kutoza kodi kwenye ongezeko la thamani mtu anapouza ardhi.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, yaani tumefikia kusifu mipango miji ya Mjerumani? 1891 hiyohiyo Wajerumani walitoa kanuni ya ujenzi ya Dar es Salaam iliyogawa mji kwa aina ya majengo. Kwenye karatasi inazungumzia mawe na udongo; uliza basi nani alikuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe, na nani alisukumwa mbali na bahari. Huyo Adickes wako naye si alitoa kanuni ya maeneo mwaka huohuo?

Mleta mada

Alitoa, Oktoba 1891. Katikati ya mji majengo yaruhusiwe kubanana, nje yapungue urefu na msongamano, kuwe na maeneo ya makazi na ya viwanda. Sibishi kwamba kalamu ni ya ukoo mmoja. Ila sheria ya kugawa upya ardhi ni kitu kingine: pale mwenye ardhi hafukuzwi, anarudishiwa ardhi palepale au jirani. Usivichanganye.

Mchangiaji wa pili

Mimi sijui Frankfurt, najua mtaani kwetu. Walikuja vijana wa upimaji wa kampuni moja, tukachangishwa kila kaya, tukaambiwa kila mtu atoe kidogo barabara ipite. Nikang'oa michongoma yangu mwenyewe kwa panga, nikarudi ndani hatua nne. Jirani wa chini hakung'oa hata mti mmoja. Leo mimi nina uchochoro mbele ya mlango unaofugia maji ya mvua, yeye ana ukuta mpya, na bajaji ikifika pale inageuza. Mawe ya mipaka yapo, moja limeshageuzwa kigoda cha mama muuza vitumbua. Hati sijaiona. Sasa mkuu ukiniambia kumegwa ni haki, naomba uanzie kwa jirani yangu.

Mchangiaji wa tatu

Wote mnaongea kama wenye viwanja. Mpangaji je? Frankfurt ya Adickes, kupiga kura ya baraza la mji kulihitaji kipato cha kiwango fulani, wanawake hawakuwemo kabisa, na msoshalisti wa kwanza aliingia barazani 1901, meya akiwa na miaka kumi ofisini. Wenye ardhi walimegwa, sawa, lakini walibaki na viwanja vilivyopanda thamani. Fundi aliyehamia toka kijijini alikuta kodi ya pango imefuata barabara.

Mleta mada

Hapo kwenye wapangaji umenishika. Sheria ile ilipanga viwanja, haikupanga kodi ya pango, na nilipaswa kulisema mwanzoni.

Lakini wa mtaani, wewe hukumegwa kwa mtindo wa Adickes. Wewe ulijitolea, jirani akagoma, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia hapana. Ugonjwa ambao sheria ile ilitungwa kuutibu ndio huohuo. Hata Tokyo, baada ya tetemeko la 1923, walipogawa upya viwanja vya mji ulioungua, mwanzo walichukua mpaka asilimia 10 bila fidia, lakini kwa kila mwenye ardhi aliyekuwa ndani ya eneo. Mgomaji hakuachwa na ukuta wake.

Sharti langu kubwa ni karatasi: jina, ukubwa wa kabla, ukubwa wa baada, na asilimia iliyokwenda barabarani, mtaa mzima kwenye jedwali moja ambalo kila jirani anaweza kulisoma. Ninyi mlipewa jedwali hilo?

Mchangiaji wa pili

Jedwali? Tulipewa risiti ya mchango.