Sanamu za kauri za wasanii wa leo: Antemann, Curneen au Harrison? Nataka kuamua kabla ya Jumamosi

#1 Kisiki_cha_Mpingo
Wakuu habari za jioni. Najua humu kuna watu wa kila fani, naombeni msaada. Nataka kununua sanamu moja ya kauri, ile kauri nyeupe ya kweli (porcelain), ya umbo la mtu, ya msanii aliye hai. Zile za dukani zilizojipanga kama soda sizitaki. Nimepekua wiki mbili mpaka macho yamekuwa mekundu, wamebaki watatu:

1. Chris Antemann, Mmarekani wa Oregon aliyefanya kazi na kiwanda cha kauri cha Meissen, Ujerumani. Watu wadogo wako kwenye karamu, maua na matunda tele.
2. Claire Curneen, mzaliwa wa Ireland anayeishi Cardiff. Watu wembamba, weupe, wapole, wengine wanachuruzika dhahabu.
3. Jessica Harrison wa Edinburgh. Anachukua vile visanamu vya mabibi wenye magauni mapana, anavigeuza. Wengine anawachora tatuu mikono yote na kifua.

Ipi bora?

#2 Ngunguri
Bora kwa nini mkuu? Bajeti? Uko wapi? Ya kwako au zawadi? Una watoto wadogo? Paka? Mnakuja na "ipi bora" kama mnauliza matairi.

#3 Kiwanja_Kwanza
Kwa hela hiyo nunua kiwanja.

#4 Ngunguri
Hela gani wakati hajataja hela?

#5 Kiwanja_Kwanza
Hata asipotaja.

#6 Dada_Mfinyanzi
Hawa watatu hawalinganishiki, ndiyo maana unachanganyikiwa. Mimi nimefinyanga miaka kumi na moja, kauri niliijaribu mitatu ikanishinda, kwa hiyo ninachosema nakijua kwa machungu. Ule udongo hausahau. Ukiukunja kisha ukaunyoosha, unakudanganya umenyooka, ukiingia tanuruni unarudi ulikokunjwa. Halafu unachomwa zaidi ya nyuzi 1200, Meissen wanafika karibu 1400, na unanywea. Sanamu inatoka imepungua karibu sehemu moja ya sita. Mkono ulioachwa hewani bila kuegemezwa unalegea kama mshumaa, kwa hiyo kila kiungo kinawekewa nguzo ya udongo uleule ili vinywee pamoja. Sasa fikiria meza nzima ya watu wanaonyoosheana zabibu.

Antemann anaunda umbo la kwanza. Kiwanda kinalikata vipande, kila kipande kinapata kalibu yake, mafundi wanamimina, wanaunga, wachoraji wanapaka. Curneen hana kalibu. Anabana vipande vidogo vya udongo kimoja juu ya kingine kama unavyobana kingo za sambusa, na alama za vidole zinabaki. Harrison anaanzia pale mwenzake alipoishia, kisanamu kimeshachomwa zamani, yeye anakata, anaongeza, anapaka.

Kwangu ni Curneen tu. Hao wengine ni mapambo.

#7 Panga_Mbili
Mapambo? Dada, heshima kidogo. Meissen ndiko kauri ngumu ya Ulaya ilikozaliwa. Kabla ya hapo walikuwa wanaiagiza China. August, mtawala wa Saksonia, alimfungia kijana Böttger amtengenezee dhahabu. Dhahabu ikashindikana, mwaka 1708 ikatoka kauri nyeupe, 1710 kiwanda kikafunguliwa ndani ya ngome. Kändler, mchongaji wao mkubwa, aliingia 1731 na maumbo yake yanatolewa mpaka leo. Antemann kaanzia hapohapo. Forbidden Fruit, maonesho yake na Meissen yaliyofunguliwa Portland 2014, yametokana na meza za karamu za enzi ya Kändler, ila yeye kawavua wageni nguo.

Ushauri wa bure kwa mleta mada: sanamu ya Meissen igeuze kwanza. Chini kuna panga mbili za buluu. Ukiona mkwaruzo umekatiza panga, hiyo ni daraja la pili, kiwanda chenyewe kimekiri kasoro. Muuzaji hatakwambia, atakuonesha uso.

#8 Mama_Ruqaiya
Kha! Watu wazima mnanunua madoli. Sie tulolelewa Ng'ambo ya Unguja tuliambiwa nyumba yenye sanamu malaika haingii. Mwanangu, nunua birika au bakuli. Kauri ni ile ile, dhambi hamna, na chai utanywa.

#9 Kisiki_cha_Mpingo
Samahanini nilikuwa kazini. Majibu: niko Leipzig, Ujerumani, mwaka wa sita sasa. Bajeti euro 900, nikijikaza 1000. Ni zawadi. Paka sina.

#10 Ngunguri
Zawadi ya nani? Mbona unatoa habari kwa kijiko?

#11 Kisiki_cha_Mpingo
Ya mama mkwe. Anatimiza miaka 70.

#12 Ngunguri
MAMA MKWE??

Ngoja nikae vizuri. Yaani unataka umpelekee mama mzaa chema watu nusu uchi wanalishana matunda mezani? Hiyo namba moja. Namba tatu nimeitafuta sasa hivi: kuna mabibi wa Harrison wameshika utumbo wao wenyewe mkononi huku wanatabasamu. Miaka 70! Atadhani ni ujumbe.

#13 Mama_Ruqaiya
Mkweo?! Kumtazama usoni tu sisi tunaona haya, wewe wampelekea uchi wa kauri. Astaghfirullah.

#14 Kisiki_cha_Mpingo
Jamani ni Mjerumani, hana habari na haya ya kwetu. Kwenye sauna yao wanaingia wote pamoja. Mimi ndiye niliyekimbia.

#15 Panga_Mbili
Basi kama tatizo ni uchi, Meissen wana bendi ya nyani ya Kändler, ya miaka ya 1750. Nyani wamevaa makoti na mawigi, huyu ana zumari, yule fidla. Unanunua mmoja mmoja. Inapendeza sana kabatini.

#16 Ngunguri
Toka kwenye uchi, nenda kwenye nyani. Panga_Mbili wewe umeoa kweli?

#17 Kiwanja_Kwanza
Na Kändler si yupo kaburini? Mleta mada kasema msanii aliye hai. Someni kabla ya kujibu.

#18 Mjukuu_wa_Kombo
Mimi sina msanii wa kumpigia debe, nina kisa. Kabla hujalipa, kisome.

Mwaka fulani nilikuwa melini, tukatia nanga Rotterdam siku nne. Jumamosi nikaenda gulioni. Kuna mzee kakaa na meza ya vitu vya kale, katikati pana binti wa kauri muuza maua, urefu kama chupa ya soda, kapu mkononi, na kila ua lina petali zake unaweza kuzihesabu. Nikageuza chini, panga mbili za buluu. Nilikuwa nimeshasikia habari za panga, moyo ukaenda mbio. Mzee kataja bei, nikajifanya naondoka, akapunguza upesi mno. Hapo ndipo ningeshtuka. Mtu mwenye mali hapunguzi upesi.

Nikamfunga kwenye kanga mbili za mke wangu, nikamlaza kwenye sanduku la nguo, bahari zote hizo mpaka Dar. Amefika mzima! Nikaalika ndugu waje waone. Asubuhi ya siku ile mke wangu akasema ana vumbi, tumwogeshe. Karai, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo. Kwanza rangi ya midomo ikaanza kutoka. Nikasema ni uchafu. Halafu mkono wenye kapu ukabaki kiganjani mwangu, taratibu tu, bila hata mlio. Nikauweka pembeni, nikamshika shingo nimtoe majini, shingo ikazunguka. Alikuwa ameshavunjika sehemu tatu zamani, kaungwa kwa gundi, kapakwa rangi juu ya gundi. Maji ya vuguvugu yamelegeza kila kitu. Na zile panga nilipozikwaruza kwa ukucha zikatoka kama rangi ya kucha.

Mke wangu akasema, "Umemuua mtoto wa watu." Wageni wakaja wakakuta kichwa kiko juu ya kitambaa cha meza. Mpaka leo kwetu naitwa Daktari.

Kwa hiyo mkuu, kama ni kazi ya mkononi mwa mtu, nunua kwa msanii mwenyewe au kwa nyumba ya sanaa inayomwakilisha, akupe karatasi yenye sahihi. Na kama ni ya kale, peleka taa ya urujuanimno (UV). Gundi na rangi ya kuziba hung'aa tofauti na kauri.

#19 Ngunguri
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Daktari!

#20 Kinyozi_Msomi
Natoka nje ya mada kidogo. Mnasema "kauri" lakini kauri si zile simbi za baharini? Hivi vyombo mama zetu wanaita vya udongo. Mnatuchanganya.

#21 Dada_Mfinyanzi
Neno moja, vitu viwili, kamusi inavitaja vyote. Tukisema "vya udongo" hata chungu cha maharage kimo. Na usidhani kauri ni mambo ya Wazungu. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipachikwa mabakuli ya Kichina, na Mambrui kule Kenya vilevile. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na zidaka ukutani, humo wakipanga sahani za China. Ila angalieni walichochagua kuweka: mabakuli na sahani. Watu wa kauri hawamo.

#22 Mama_Ruqaiya
Si nilisema?

#23 Kinyozi_Msomi
Haya, basi kwa nini asimnunulie kazi ya Magdalene Odundo? Mzaliwa wa Nairobi, Malkia wa Uingereza alimpa heshima ya Dame 2020. Mkwe ataringia mkwilima.

#24 Dada_Mfinyanzi
Odundo ni malkia wangu, lakini hafanyi kauri. Ni udongo wa kawaida mwekundu, anausugua mpaka unang'aa, mwingine unageuka mweusi kwa moshi wa tanuru. Na si sanamu za watu, ni vyungu, ingawa vina shingo, tumbo na kiuno kuliko watu wengi ninaowajua. Na kwa euro 900 utapata kitabu cha picha zake.

#25 Panga_Mbili
Narudi kwenye hoja ya dada ya kalibu na mafundi. Kama kutumia mafundi kunamfanya mtu asiwe msanii, yule msanii wa Marekani Jeff Koons tumweke wapi? Michael Jackson and Bubbles ya 1988, Michael kamkumbatia sokwe wake, kauri nyeupe na dhahabu, kama saizi ya mtu mzima. Mafundi ndio waliotengeneza. Moja iliuzwa mnadani New York 2001 kwa dola milioni 5.6.

#26 Dada_Mfinyanzi
Bei si hoja. Na sikusema si msanii, nilisema ni mapambo.

#27 Panga_Mbili
Ni kitu kilekile.

#28 Dada_Mfinyanzi
Sivyo. Mtazame Rachel Kneebone wa London. Ana mnara wa kauri unaoitwa 399 Days, unapita mita 5, umejaa miguu ya watu imesukana kama mizizi ya mkoko. Tanuru ikiupasua udongo, ufa anauacha, unakuwa sehemu ya kazi. Kiwanda kikiona ufa kinakwaruza panga zake na kushusha daraja. Hapo ndipo tofauti yangu mimi na wewe ilipo.

#29 Ngunguri
Mnamsaidia mleta mada au mnaandika tasnifu? Ana euro 900. Kwa hela hiyo Antemann wa Meissen ataishia kumtazama nyuma ya kioo. Curneen labda apate kadogo mno. Mimi ningemshauri Johnson Tsang wa Hong Kong, zamani polisi, sasa anafinyanga nyuso za kauri zilizofumba macho, vidole vinazivuta kama unga wa chapati. Hakuna uchi.

#30 Dada_Mfinyanzi
Na bei yake unaijua?

#31 Ngunguri
Hapana.

#32 Mjukuu_wa_Kombo
Kumbuka pia Cardiff na Edinburgh ni Uingereza, wameshatoka Umoja wa Ulaya. Mzigo ukifika Ujerumani kuna forodha na kodi. Muulize muuzaji nani analipa, na bima inasemaje kuhusu vitu vya kuvunjika. Soma yale maandishi madogo. Mimi ni Daktari, nisikilizeni.

#33 Kiwanja_Kwanza
Kiwanja hakivunjiki.

#34 Kinyozi_Msomi
Dada, swali la mwisho: huo udongo mweupe Bongo upo?

#35 Dada_Mfinyanzi
Kaolini? Ipo Pugu, hapo hapo jirani na Dar, nyingi tu. Waliichimba zamani, yamebaki mapango na popo wamehamia. Ila kaolini peke yake haitoshi, unahitaji na madini ya feldspa na mchanga wa kwatzi, halafu tanuru la kufika huko juu na umeme usiokatika katikati ya uchomaji.

#36 Kisiki_cha_Mpingo
Wakuu nawashukuru wote. Nimewaandikia nyumba mbili za sanaa kuulizia Curneen mdogo, sijajibiwa. Tatizo jipya: mke wangu kausoma uzi huu wote, kacheka sana kwa Daktari, halafu kaniuliza kama nimesahau kwamba mama yake ana mbwa. Mkubwa. Mkia wake ndio uko usawa wa meza ya sebuleni.

#37 Ngunguri
Niliuliza paka. Mbwa nilisahau.

#38 Mama_Ruqaiya
Birika, mwanangu.

#39 Kinyozi_Msomi
Dada_Mfinyanzi, hayo mapango ya Pugu mtu anaruhusiwa kuingia au mpaka kibali? Nina wageni mwezi ujao.