Naombeni ushauri: nyumba ya kupanga Kigamboni, Kibada au Mjimwema?

Mpangaji_Temeke: Wakuu, natafuta vyumba viwili, kimoja masta, luku ya peke yangu. Kazi iko Posta, ng'ambo ya maji. Kibada nimeona ya 300,000 kwa mwezi, dalali anataka miezi sita na mwezi wake mmoja. Mjimwema ni 400,000. Nichukue ipi? Nina haraka, silali.

Mzee_wa_Pantoni: Shida si nyumba, ni kuvuka. Daraja lilipofunguliwa 2016 nikasema mimi na pantoni basi. Wapi! Na gari likawa la kulipia kupita. Huna gari, unarudi kubanana na ndoo za samaki alfajiri. Siku moja nimefika Magogoni na kiatu kimoja.

Bi_Tungi: Onja maji kwanza. Mie nilipata nyumba nzuri, tailizi mpaka barazani, kumbe kisima ni cha chumvi. Mwaka haukuisha, bomba zote kutu.

Fundi_Rangi: Haraka ya nini mkuu? Umeshalipa?

Mpangaji_Temeke: Kishika nafasi tu.

Fundi_Rangi: Shilingi ngapi, na kwa nani?

Mpangaji_Temeke: Miezi mitatu ya Kibada, 900,000, nimemtumia dalali kwa simu. Mwenye nyumba yuko Muscat. Si tapeli, tunaswali msikiti mmoja, na ndani niliingia nikafungua mpaka makabati. Ninakokaa nimeshaaga, chumba kimepata mtu. Funguo kila siku kesho, leo ya tano.

Mama_Wawili: Kuswali pamoja si mkataba, mwanangu. Mkeo anajua?

Kikombe: Chai hii. Asubuhi unauliza Kibada au Mjimwema, jioni umeshalipa. Sasa ulikuwa unauliza nini?

Fundi_Rangi: Hata kama ni chai, mwacheni. Mkuu, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uliza nyumba ni ya nani. Majirani nao waulize.

Mpangaji_Temeke: Wallahi situngi. Nilitaka mtu aniambie Kibada ni pazuri, roho itulie. Mke wangu hajui. Niko hapa sasa hivi, geti lina kufuli jipya. Mama anayekaanga mihogo ng'ambo ya barabara ameniuliza, "Na wewe umelipia hii?" Anasema mimi ni wa tatu tangu Jumatatu.

Fundi_Rangi: Usiondoke. Muulize kama ana namba za hao wawili. Meseji za muamala usifute hata moja, muende polisi leo leo.