Mrejesho: lini "a" na lini "an"

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kwa Kiingereza ni "an hour" lakini "a university". Asanteni sana mlioniambia nisikilize sauti, nisitazame herufi. Imenisaidia mno: h ya "hour" haitamkwi, kwa hiyo neno linaanza na irabu, na "university" linaanza na sauti ya "yu". Hata "an MP" sasa naandika bila kusita, maana M husomwa "em". Kukariri orodha nilijaribu, lakini kila neno jipya lilinikwamisha.

Kwenye "the" bado sijafaulu vizuri. Safu ya milima nimeielewa, "the Alps", na mlima mmoja ni "Mount Everest" bila kitu mbele. Majina ya magazeti yananisumbua bado. Aliyenifungua macho kuhusu sauti, ubarikiwe sana.