Mjadala: Fundi anayepiga Windows upya bila kuchunguza, alipwe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa uwazi maana linatugharimu pesa na kazi zetu. Laptopu unaifunika usiku ikiwa imelala, asubuhi unaifunua: taa ya kitufe inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Au inaamka sekunde chache, inatoa skrini ya buluu na kujiwasha upya, na kazi uliyoiacha wazi ndiyo imekwenda. Unaipeleka kwa fundi. Hata hajaigusa, jibu analo: "Hii tupige Windows," yaani afute kila kitu na kuiweka Windows upya. Unalipa, mafaili yanahamishiwa kwenye diski ya nje (yakikumbukwa yote), programu ya mahesabu uliyoinunua inaondoka na leseni yake, na baada ya muda si mrefu ugonjwa ni uleule.

Msimamo wangu ni huu: fundi aliyefuta kila kitu bila kusoma kompyuta yenyewe inasema nini, hajafanya kazi ya kulipwa. Tatizo likirudi, na pesa irudi.

Nasema hivyo kwa sababu Windows huandika kilichoiangusha. Skrini ya buluu ikitokea wakati wa kuamka, namba inayoonekana mara nyingi ni 0x9F, yenye jina DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. Maana yake kuna draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa kimoja cha kompyuta) iliyopewa amri ya kulala au kuamka, ikakaa kimya hadi Windows ikachoka kuisubiri. Taarifa ya tukio huhifadhiwa kwenye faili dogo ndani ya C:\Windows\Minidump. Ukilifungua kwa WinDbg, programu ya bure ya Microsoft, ukaandika `!analyze -v`, mara nyingi unatajiwa draiva kwa jina: ya Wi-Fi, ya kadi ya picha, ya USB. Ukishaijua, unatafuta toleo jingine la draiva hiyo moja kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mafaili ya mteja huyagusi kabisa.

Sasa kwa nini kupiga Windows huonekana kumetibu? Hapa ndipo naomba mnisikilize. Windows mpya, kabla haijapata draiva halisi ya kadi ya picha, hutumia draiva ya msingi ya Microsoft. Kwa draiva hiyo, chaguo la Sleep kwa kawaida halipo kabisa kwenye menyu. Kompyuta haianguki ikiamka kwa sababu hailali! Mteja anaijaribu pale mezani, iko safi, anaondoka na furaha. Akifika kwake anaunga intaneti, Windows Update inaleta draiva, pengine ileile ya mwanzo, na usiku huo akiifunika tunarudi tulikotoka. Fundi anayelijua hili na bado anachukua pesa, tumwiteje?

Fundi, Kariakoo

Mkuu, umesema kweli, ila hujaimaliza. Njoo ukae mezani kwangu siku moja. Mteja anafika saa nne, anaitaka mashine saa saba. Tatizo hili hulioni ukiilaza dakika mbili. Zipo zinazoanguka tu zikilala usiku kucha, kwa hiyo ili niwe na uhakika lazima ilale hapa, niiamshe asubuhi, nibadilishe kitu kimoja, ilale tena. Nikimtajia mteja pesa ya uchunguzi ananiambia "kwani kuangalia tu nako unalipisha?" na anahamia meza ya jirani, ambako wanapiga Windows kwa saa moja. Mafundi hatukuamka tukaamua kufuta mafaili ya watu. Mteja ndiye anayelipia kufuta na kukataa kulipia kufikiri.

Halafu hiyo Minidump unayoisifia haipo kila mara. Ikiwa SSD, diski yenyewe ya kuhifadhia, ndiyo iliyoshindwa kuamka, Windows inaandika wapi? Folda unaikuta tupu. Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, unakuta Kernel-Power 41, na nimeona vijana wengi wakisoma hiyo wanasema "ni umeme, nunua chaja". Siyo. 41 inasema mashine iliwaka bila kuzimwa vizuri, basi. Mteja aliyekandamiza kitufe cha kuwasha mpaka ikazimika naye anaacha 41 ileile.

Na kuna jambo la BIOS, ile programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows. Tiba ya kweli ya magonjwa haya mara nyingi ni toleo jipya la BIOS kutoka kwa mtengenezaji. Mashine nyingi zinazopita kwangu ni mtumba wa Dubai, zilizotoka maofisini. Nyingine BIOS imefungwa kwa neno la siri la ofisi iliyokuwa nayo, nyingine betri imekufa. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS na betri haina kitu, ubao mama unaweza kufa pale pale, na atakayedaiwa ni mimi.

Ninachofanya kabla ya yote: nachomoa RAM (kumbukumbu ya muda), nasafisha meno yake, narudisha moja moja. Kwenye usingizi wa kawaida, ule wa S3, karibu kila kitu kinakatiwa umeme isipokuwa RAM, na kazi yako yote iko humo. RAM ikiwa imelegea au haipatani na mwenzake, utaliona hilo wakati wa kuamka.

Mwalimu wa TEHAMA, Tanga

Shuleni tuliufunga usingizi kabisa. Skrini inazimika yenyewe, baadaye kompyuta inaingia haibaneti: inaandika kilichomo kwenye RAM kwenye diski kisha inazimika kabisa. Umeme ukikatika, kazi ya mwanafunzi iko palepale. LUKU nayo inapumua.

Niongeze moja kwa wanaoambiwa "zima uwashe". Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, ukibonyeza Shut down kiini cha Windows hakizimwi kabisa. Kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kesho, draiva zikiwa na hali zao za jana. Ukitaka ianze safi, bonyeza Restart. Watu wazima wengi hawajawahi kuambiwa hili.

Mchangiaji, Nairobi

Nawasoma mkilaumiana fundi na mteja, na mtengenezaji ameketi starehe. Hiyo S3 ambayo fundi anaieleza imo katika kanuni za ACPI, za jinsi kompyuta inavyosimamia umeme wake, zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Ilifanya kazi, ikazoeleka. Halafu Windows 10 ya 2015 ikaja na Modern Standby, ambapo mashine haikatwi umeme kwa namna ile. Inabaki macho kidogo, tayari kupokea barua pepe. Laptopu nyingi za miaka hii zimeondolewa S3 kabisa, na mnunuzi hakuulizwa. Unaiweka kwenye begi ikiwa "imelala", unaitoa ina joto na betri imekwisha, unadhani imeanguka.

Kila mtu afungue Command Prompt aandike `powercfg /a`. Soma orodha ya juu, ya zinazopatikana, maana ya chini ni ya zisizopatikana. Ukiona Standby (S3) hapo juu, una usingizi wa zamani. Ukiona S0 Low Power Idle, una huu mpya, basi endelea na `powercfg /sleepstudy` iliyofunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi, upate ripoti ya kilichokuwa kinakula betri ukiwa kitandani.

Na msiniambie mtengenezaji hawezi. Mwaka 2018 ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita ilitoka bila S3. Watumiaji wa Linux walipiga kelele, na Lenovo wakaongeza chaguo ndani ya BIOS kupitia sasisho. Walibanwa, wakatoa. Sisi tunambana nani? Fundi wa mezani mwenye bisibisi?

Mleta mada

Ahsanteni. Ndugu wa Nairobi, nakubali chaguo la kulala liwe haki ya mnunuzi, na taasisi zinazonunua kompyuta nyingi kwa mpigo ziliandike kwenye zabuni, kwa sababu wao ndio wenye nguvu ya kubana. Lakini hilo halimsaidii mwenye laptopu iliyoanguka leo.

Mwalimu, njia yako inafaa maabara. Mtu anayeifungua na kuifunika mara kumi kwa siku, kati ya ofisi na daladala, ataichoka haibaneti, na draiva mbovu bado itakuwa mbovu.

Fundi wa Kariakoo, umenisogeza. Uchunguzi ulipwe peke yake, bei itajwe mapema, na isirudi hata kama chanzo hakikupatikana, kwa kuwa muda wako umetumika. Lakini nabaki kwenye haya: kabla ya kufuta chochote, mteja aonyeshwe namba ya kosa au jina la draiva, au aambiwe waziwazi kwamba folda ni tupu na SSD inashukiwa. BIOS ikiwa imefungwa, aambiwe hilo kabla hajalipa. Na mashine ikishapigwa Windows, isitoke dukani bila draiva ya picha kuwekwa na kuilaza na kuiamsha mbele ya mwenyewe, ilale hata usiku mmoja kama tatizo lake ni la usiku. Asiyefanya hivyo, likirudi, arudishe pesa. Hapo sijasogea.

Sasa nikuulize wewe na mafundi wenzako: pesa ya uchunguzi iwe kiasi gani ndipo ukubali kukaa na mashine mpaka asubuhi? Na wateja mliopo humu, mngeilipa?