Bunduki imetoka Venice? Na mzinga je?

Mtembezi_Ngomeni
Salaam aleikum wana jukwaa. Kazi yangu ni kutembeza wageni Fort Jesus. Juzi Mtaliano mmoja alisimama mbele ya mzinga wa Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoishia Rufiji mwaka 1915, akaniuliza silaha kama hii twaiitaje. Nikamwambia huu ni mzinga, ya mkononi ni bunduki. Akachangamka! Akasema bunduki ni jina la mji wa Venice, kwani Waarabu mpaka leo wauita al-Bunduqiyya, na eti silaha hizo zilitoka kwao. Wenzangu wa pale langoni wameipenda hadithi hiyo, washaanza kuwasimulia wageni. Mimi roho haijatulia. Wajuzi wa Kiarabu mwasemaje? Halafu huo mzinga, mbona jina lake na la nyuki ni moja?

Maalim_Kibokoni
Wa aleikum salaam mwanangu. Hao wenzio waambie wangoje kidogo.

Mji kuitwa al-Bunduqiyya ni kweli. Lakini jina hilo ni la Waveneti, watu wa kale wa pwani ile, limepita ndimi za Waarabu likageuka. Silaha ina ukoo mwingine. Bunduq kwa Kiarabu ni kokwa, ile ya mviringo inayotiwa ndani ya chokoleti, kubwa kadiri ya gololi. Wayunani waliiita kokwa ya Ponto, yaani ya pwani ya Bahari Nyeusi. Waajemi wakasema funduq, Waarabu bunduq.

Sasa sikiliza. Kabla ya baruti kulikuwa na upinde usiotupa mshale. Ulitupa vidonge vya udongo vilivyofinyangwa vikakaushwa, wa kuwindia ndege. Vidonge hivyo navyo vikaitwa bunduq kwa umbo lake. Khalifa al-Nasir wa Baghdad, aliyetawala 1180 hadi 1225, aliupenda mchezo huo hata akauwekea kanuni. Na Sultani Baybars wa Misri, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277, alijulikana kwa lakabu ya al-Bunduqdari kwa sababu bwana aliyemmiliki akiwa mtumwa alikuwa mshika upinde huo. Mwulize Mtaliano wako: Baybars alibeba bunduki gani wakati huo?

Mwisho wa karne ya 15 silaha ya moto ya mkononi ilipofika kwa Wamamluki, wale askari waliotawala Misri, waliiita al-bunduq al-rasas, vidonge vya madini ya risasi. Maneno yote mawili unayatumia kila siku, hukuhitaji mkalimani. Wahindi nao wana banduk yao, muulize Mkachhi yeyote wa Biashara Street.

Mjukuu_wa_Kaloleni
Ya mzinga niachieni mimi. Babu yangu alikuwa akichonga mizinga. Gogo linatobolewa katikati mpaka liwe wazi ncha hadi ncha, kisha kila upande linazibwa kifuniko cha ubao, na kitundu kidogo cha nyuki kupitia. Likitundikwa mbuyuni hulala ubavu. Lione likiwa halijazibwa, kisha nenda katazame yale machuma yaliyopangwa ngomeni yakielekea baharini. Aliyeyaona mara ya kwanza hakuwa na haja ya kuazima jina kwa mtu.

Kijana_wa_Likoni
Na sisi huku mzinga ni chupa kubwa ya pombe 😂 na kupiga mzinga ni kumwomba mtu pesa. Maalim astaghfiru kwa niaba yetu.

Maalim_Kibokoni
Astaghfirullah. Serikali yapiga mizinga 21, nyinyi mwapiga mingapi kwa wiki?

Mtembezi_Ngomeni
Shukran sana maalim, na wewe wa Kaloleni. Kesho nitawaeleza wageni kokwa na gogo, wenzangu wakitaka wabaki na Venice yao. Nina moja tu: kombora nalo?

Maalim_Kibokoni
Kombora ni Kiajemi, khumpara, bomu la kurushwa kwa mzinga mfupi. Waturuki walilichukua wakasema humbara na kumbara. Bomu lile lilikuwa tufe la chuma lenye uwazi ndani na kitundu cha kutilia baruti, basi leo Mturuki akisema kumbara anakusudia kile kikopo chenye mwanya juu ambamo watoto huweka sarafu. Sisi tumempa mtangazaji wa mpira.

Kijana_wa_Likoni
Kumbe Waturuki nao wamelipeleka kwa pesa! Maalim, nikupige mzinga kidogo?