Nimeweka htmlspecialchars kila mahali, mbona skripti bado inapenya?

kuku_kodi: Wakuu, habari za jioni. Nimekabidhiwa mfumo wa ushirika wa wafugaji wa kuku, umeandikwa kwa PHP 7.4. Kila mwanachama ana ukurasa wake wenye jina, simu na linki ya duka lake. Vyote vinapitishwa kwenye htmlspecialchars. Jana kijana mmoja kaandika javascript:alert(1) kwenye kisanduku cha linki, ikahifadhiwa, na kila anayeibofya skripti inafanya kazi. Mwenzangu anashauri nifute tu neno "javascript". Itatosha?

Zuhura_K: Haitoshi mkuu, tafadhali usiishie hapo. htmlspecialchars inageuza alama kama <, >, & na nukuu ziwe maandishi tu, kivinjari kisizichukue kama msimbo. Sasa tazama javascript:alert(1): hamna hata moja ya hizo. Inafika kwenye href (sehemu ya HTML inayobeba anwani ya linki) kama ilivyo na kivinjari kinaiendesha. Tena kwa 7.4, usipotaja ENT_QUOTES, nukuu moja (') haiguswi. Imekuwa chaguo-msingi kuanzia 8.1. Kama kuna mahali umeandika href='...', mtu ataifunga nukuu hiyo na kuchomeka onmouseover yake, yaani skripti inayoanza kipanya kikipita juu ya linki.

Kufuta neno walishajaribu MySpace, mtandao wa kijamii. Tarehe 4 Oktoba 2005 Samy Kamkar, akiwa na miaka 19, alilikata neno lilelile kwa kuruka mstari, java juu, script chini, na baadhi ya vivinjari vikaliunga. Kila aliyetembelea ukurasa wake alimwongeza kuwa rafiki bila kujua, na skripti ikajinakili kwa mgeni huyo. Ndani ya saa 20 kurasa zilizoambukizwa zilipita milioni moja! Na hata bila ujanja huo, mtu akiandika javajavascriptscript ukafuta mara moja, linabaki lipi?

Geuza utaratibu: kubali unachokijua tu. Linki ianze na http:// au https://, vinginevyo ikataliwe. Kagua hata unapoionyesha, maana za zamani bado zimo kwenye hifadhidata.

kuku_kodi: Asante sana dada. Kuki (zinazomtambulisha aliyeingia kwenye mfumo) nimeziwekea HttpOnly, si zinanikinga?

Mzee_Seva: HttpOnly inazuia skripti isiisome kuki, basi. Skripti ikiwa ndani ya ukurasa aliofungua mhasibu wenu, itatuma maombi kwa jina lake na kivinjari chenyewe kitaambatisha kuki. Iache, ila ongeza CSP (Content-Security-Policy, maagizo ya seva kwa kivinjari kuhusu skripti zipi ziruhusiwe) isiyo na unsafe-inline, yaani ruhusa ya skripti zilizoandikwa ndani ya ukurasa wenyewe. Hiyo inazuia hata linki za javascript:. Anza na Content-Security-Policy-Report-Only kwanza, inayoripoti tu bila kuzuia, kwani mifumo ya umri huo huwa imejaa onclick (skripti za vitufe zilizoandikwa ndani ya HTML) na ukizuia moja kwa moja utawafungia watu vitufe.

Zuhura_K: Naunga mkono. Lakini usiku huu huu, kabla ya CSP, toa orodha ya linki zote zisizoanza na http. Ukikuta nyingine zaidi ya ile ya kijana, futa vikao vyote watu waingie upya, kisha pitia kumbukumbu za malipo zilizobadilishwa tangu linki hiyo iingie.